Paa la Turubai

Somo la wiki: Matendo ya Mitume 8:26–40

Gari la paa la turubai si gari ambalo mtu anayeijua pwani yetu atakushauri ununue. Masika ikianza, maji yanaingia yanapotaka. Kusi ikivuma, chumvi inafika hadi kwenye swichi za taa. Jua la Kilwa linalikausha turubai mpaka likikunjwa linapasuka kwenye mikunjo, na ile plastiki ya dirisha la nyuma inageuka njano, halafu kahawia, halafu huoni tena kinachokufuata. Na ukiliegesha Nangurukuru ukaenda kunywa chai, mwenye wembe hahitaji ufunguo.

Hata hivyo kijana mmoja wa kwaya yetu amelinunua. Ni Suzuki Escudo fupi, ya lile toleo lililoanza kutoka Japani mwaka 1988, na ameipata Dar kwa bei ambayo wengine hapa wametoa kwa pikipiki. Maneno yakaanza hata kadi haijabadilishwa jina. Gari la watalii hilo, wakasema kina mama wa Umoja. Mzee mmoja wa kanisa akaja kwangu jioni. "Baba Mchungaji, mwite umwonye. Nyumba ya mama yake nusu bado ni makuti, yeye ananunua gari lisilo na paa!"

Nimekwenda kuliona. Sina la kumwonya.

Gereji yenyewe ni mwembe na jeki mbili. Fundi ni mtu wa Kivinje, Mwislamu wa swala tano, ananiita Padri ingawa anajua nina mke na watoto, na nimeacha kumsahihisha. Alikuwa amelala chini ya gari juu ya boksi lililokunjuliwa, akanitaka nami niiname. Mkononi ana nyundo ndogo. Anaigonga chesisi kuanzia mbele kwenda nyuma, hatua kwa hatua, sikio likiwa karibu na chuma.

"Sikia hapa, Padri." Ngii. "Na hapa." Ngii.

Akafika pale chesisi inapopinda kupanda juu ya ekseli ya nyuma. Dub.

"Hapa pamekufa."

Kwa macho palikuwa pazima, peusi, pamepakwa rangi nzito panang'aa. Akachukua bisibisi akasukuma. Ikazama mpaka kwenye mpini, na unga wa kutu ukammwagikia kifuani. Akacheka, maana hakuwa ameshangaa hata kidogo.

Chesisi ya gari la namna hii ni boriti mbili ndefu za chuma zilizo tupu ndani. Tope na maji ya chumvi vinaingia kwa matundu madogo, vinakaa humo, na kutu inaanza ndani ikila kuja nje. Ukiiona kwa nje, kazi imekwisha. Wenye umri wangu mnazikumbuka Land Rover za misheni na za serikali. Zilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, bodi zikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana unaweza kukuta bodi ya Land Rover kuukuu imesimama vizuri nyuma ya nyumba ya mtu pale Lindi, lakini jaribu kuinyanyua: chesisi inabaki chini vipande vipande. Na pale aluminiamu ilipofungwa na chuma, chumvi ikipata nafasi, hata hiyo aluminiamu inafura na kugeuka unga mweupe.

Msidhani kijana alidanganywa. Siku ya kulijaribu gari, dalali alifungulia muziki tangu injini ilipowaka. Wakiwa Barabara ya Kilwa, maeneo ya Mbagala, kijana akazima redio. Dalali akaiwasha. Kijana akaizima tena, akaweka mkono juu ya kitufe. Ndipo akasikia difu inalia, na nyuma kitu kinagonga kila wakipita tuta. Akataja bei yake kwa sababu ya hayo mawili, na dalali, ambaye asubuhi alikuwa ameapa kwamba hapunguzi hata senti, akapunguza.

Nimeiwaza sana redio ile. Mkoa wetu umewahi kuletewa mitumba ya chuma na watu wasiozima redio. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, halafu huku kwetu Nachingwea. Matrekta na buldoza yaliyobaki ya jeshi la Marekani yakanunuliwa Ufilipino, vifaru vya Sherman navyo vikageuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick, na mengi ya machuma hayo yakafa porini. Udongo wa Kongwa ukikauka unashika karanga hazing'oki. Waliokuwa wakiishi juu ya udongo huo walilijua jambo hilo kabla vikao vya London havijaanza. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimezama, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo ikafungwa miaka ya 1960. Fedha ilikuwepo, mashine zilikuwepo, na wataalamu walikuwepo tele. Sikio ndilo lililokosekana.

Sasa nirudi kwenye somo, maana nalo lina gari. Luka anatusimulia habari za mtu mkubwa, mtunza hazina wa Kandake, anayerudi kwao kutoka Yerusalemu kwa njia ya Gaza. Kandake kilikuwa cheo cha malkia wa Kushi, ambao makao yao yalikuwa Meroe, kando ya mto Nili, katika Sudan ya leo. Kutoka Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 1,600 hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Mtu huyu amesafiri umbali wote huo kwenda kuabudu, naye ni towashi, na Kumbukumbu la Torati sura ya 23 ilimfungia mlango wa kusanyiko. Luka hasemi alipokewaje huko. Anasema tu kwamba wakati wa kurudi alikuwa ameketi garini akisoma Isaya, tena kwa sauti, maana ndivyo watu wa zama zile walivyozoea kusoma.

Filipo yuko kwa miguu. Roho anamwambia akaribie gari lile, naye anakimbia, na akiwa bado chini, barabarani, anasikia maneno. Hadithi nzima imeegemea hapo. Lingekuwa gari la vioo vyeusi vilivyopandishwa, kiyoyozi kinavuma, Filipo angeambulia vumbi.

Halafu tazameni nani anaomba. Mwenye mali ya malkia, mwenye gari, mwenye gombo la Isaya ambalo si kila mtu angeweza kulimiliki, anamkiria mtembea kwa miguu kwamba haelewi anachosoma na hana wa kumwongoza. Kisha anamsihi apande. Sisi wenye magari tumezoea kudhani lifti ni sadaka yetu kwa aliye chini. Siku ile aliyepewa lifti ndiye aliyekuwa amebeba kitu. Towashi alikuwa amefika sura ya 53. Sura tatu mbele, katika ile ya 56, kuna ahadi ya Mungu kwa matowashi, ya jina na ya nafasi ndani ya nyumba yake. Luka anasema Filipo alianzia andiko lile lile alilolikuta likisomwa. Napenda kuamini hawakufika kwenye maji kabla ya kuifikia sura ya 56.

Na kuna mtu mwingine garini. Walipoona maji, towashi aliamuru gari lisimame, kwa hiyo yuko aliyekuwa ameshika hatamu. Huyo alisikia kila neno. Luka hakumtaja, na kila somo hili likija humfikiria yeye: dereva amesimama kando ya maji, bosi wake na mgeni wameloa, mwenyewe hajaulizwa chochote. Enyi madereva wa wakubwa mlio kati yetu, mnajua ninachosema.

Pale njia panda ya Nangurukuru, asubuhi yoyote, watu wanasubiri usafiri wa kuja Masoko: mama na ndoo ya samaki, mwanafunzi, mzee na karatasi zake za kliniki. Wengi wetu tunapita vioo juu, tunaonyesha kwa kidole kwamba tunaishia hapo mbele tu, na hapo mbele tunapita pia. Sisemi kila gari libebe kila mtu. Najua bei ya mafuta, na najua ya trafiki. Nasema hatujui hata walitaka kutuambia nini. Zamani kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kivuko cha Rufiji kilitulazimisha kujuana, kwa sababu foleni ya Ndundu haikumjali mwenye kioo wala asiye nacho. Mijini nako kulikuwa na zile chai maharage, abiria kwenye mabenchi wakitazamana magoti kwa magoti, na kwa tabu zake zote hukushuka bila kujua habari za nyumba tatu. Mei 2024 tulirudishwa huko kwa nguvu. Mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara maeneo ya Somanga, mabasi na magari ya wakubwa yakakwama pamoja, na vioo vikashushwa.

Gari la wazi lina hatari yake, na sitaki kulipamba. Tarehe 13 Mei 1981 Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye gari la wazi, akizungukia watu katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Baada ya hapo magari ya mapapa yakawekewa vioo vya kuzuia risasi, na hakuna wa kulaumu. Lakini Desemba 1983 mtu yule yule alikwenda gereza la Rebibbia, Roma, akaketi na aliyempiga risasi, viti viwili vimekaribiana, wakazungumza kwa sauti ya chini. Sisi Waprotestanti hatuna papa, ila hilo tungeweza kuliazima. Na hata leo, papa akizungukia watu uwanjani pale, mara nyingi utamwona kwenye gari ambalo juu yake hakuna kitu.

Hatari yetu ya Kilwa ni ndogo zaidi. Ni kusalimiwa. Kijana analalamika kwamba tangu aanze kulitembeza gari amechelewa kila anakokwenda: shikamoo hii, habari ya mama ile, nani kalazwa hospitali ya Kinyonga, jahazi la nani halijarudi. Wiki iliyopita alinieleza habari za mjane mmoja wa usharika wetu ambazo mimi, mchungaji wake, sikuwa nazo. Alizipata amesimama katikati ya barabara, injini inaunguruma, mtu ameegemea mlango.

Ile sehemu iliyokufa ya chesisi imekatwa mpaka kwenye chuma kizima, limechomelewa bamba jipya, na ndani ya boriti imemiminwa oili chafu ili chumvi isikamate tena upesi. Kazi ya paa ndiyo iliyonifurahisha. Dar walimtajia bei ya kutisha. Akalipeleka turubai Kivinje kwa mzee mmoja mshona matanga, ambaye alilifumua lote, akavitandaza vipande mchangani akavipima, kisha akakata turubai jipya kwa kufuata lile la zamani. Akalishona kwa uzi wa nailoni aliouvuta kwenye nta, mshono wa kukunja mara mbili, ili maji yasipate tundu la sindano. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Maisha yake yote ameshona vitambaa vya kupokea upepo, na hiki kinatakiwa kiukatae, kwa hiyo alizunguka gari akiuliza upepo unalipiga wapi linapokwenda kasi, na hakushika sindano mpaka kijana amemzungusha hadi gatini na kurudi, paa likiwa halipo.

Jumamosi gari hilo linakwenda Somanga kuwapa pole wafiwa. Nafasi ni tatu, mwoneni mwenyewe baada ya ibada. Mafuta mtachangia, redio haifunguliwi, na atakayekaa nyuma aache mwavuli nyumbani. Mmoja umeshachukuliwa na upepo, na mwenye mwavuli bado anadai.