Jina la Ukoo: Mali au Amana?

Wengi wetu tunaoishi Silver Spring, Maryland, hatujui kwamba mwaka 1938 John Nash Gifford alifungua hapo duka la aiskrimu lenye jina la ukoo wake. Likapendwa, likazaa matawi katika eneo hili la Washington.

Gifford's ilipita penye dhiki. Kuanzia 1942 hadi 1947 sukari iliuzwa kwa mgawo Marekani kwa sababu ya vita, na aiskrimu bila sukari ni nini? Biashara haikufa. Ilikufa mwaka 1985, wakati wa amani, ilipofilisika mikononi mwa Robert, mwana wa mwanzilishi. Mjukuu, Andrew Gifford, katika kitabu chake cha 2017, We All Scream, anasimulia kwamba fedha zilichotwa na wenye nyumba wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi anayerithi biashara ya familia hurithi nini? Wengi watajibu: mali, na mwenye mali hufanya atakavyo. Mimi nasema sivyo. Tuitazame aiskrimu yenyewe. Inapopigwa mashineni huingia hewa, na mnunuzi hulipia chombo kilichojaa. Sheria ya Marekani inataka galoni moja isipungue ratili 4.5, na mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 10. Zaidi ya hapo, mteja ameachiwa dhamiri ya muuzaji. Jina lililo mlangoni ndilo linalomwambia aamini.

Imani hiyo ni ya mteja. Ameiweka tu kwa mwenye duka. Ndiyo maana watu wasio wa ukoo huo waliweza baadaye kulifufua jina la Gifford's huko Bethesda na kupata wanunuzi, ingawa nao mwishowe walifunga. Mrithi ana haki ya kuuza, hata ya kufunga. Hana haki ya kula kutoka ndani huku kibao kikiendelea kuita watu. Amana hailiwi.

Nasi tumefungua migahawa, maduka na biashara za kusafirisha mizigo nyumbani, na huwaambia watoto, "Haya yote yatakuwa yako." Tuwaambie pia ni ya nani mengine: ya mfanyakazi anayengoja mshahara wake Ijumaa, na ya mteja asiyehesabu chenji kwa kuwa anatuamini.