Mdai Asimame Nje

Wapendwa wa Mbulumbulu, dawa ya deni kulipa. Hilo silipunguzi. Aliyekopa mbegu na mafuta ya trekta, akavuna, akauza usiku na kuzima simu, huyo simtetei.

Lakini fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Mdai amekwenda kuchukua rehani; Musa anamsimamisha nje, mdaiwa aingie aitoe mwenyewe. Na jiwe la kusagia haliguswi. Kumbe hata deni la kweli lina mlango, na mlango una adabu yake!

Sasa sikieni ya kwetu. Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamruhusu mwenye hundi, hati ya ahadi ya kulipa au rehani kufungua shauri la mkato. Hapo mdaiwa hasimami tu akajibu. Aombe kwanza ruhusa ya kujitetea. Asipoomba, au akinyimwa, yote yaliyo kwenye hati ya madai huhesabiwa kuwa ameyakubali. Ameyakubali! Kwa kinywa kipi?

Tuseme ni mkulima wa Kambi ya Simba. Alitia sahihi karatasi ya milioni 4. Wakati wa mavuno wakala akaja na fuso, akapakia magunia ya maharage ya kupunguza deni, akaandika idadi nyuma ya kalenda ya ukutani kwa kalamu ya bluu, akaondoka. Mwaka unaofuata anadaiwa milioni 4 zilezile. Kalenda ile haina la kusema?

Waheshimiwa mahakimu na majaji, nawasihi: hatua hii ya kuomba ruhusa haiulizi nani atashinda. Inauliza kama lipo jambo la kubishaniwa. Likiwepo, fungueni! Mkimshuku kuwa anavuta siku tu, sheria imewapa dawa: aweke kwanza fedha au dhamana mahakamani, ndipo aseme. (Ila dhamana isizidi shamba lenyewe, huko ni kufungua mlango na kumlaza simba kizingitini.)

Kwenye rehani mmebanwa, najua. Tangu marekebisho ya 2008 mdaiwa ana njia mbili tu: aonyeshe kwamba mkopo haukuchukuliwa, au kwamba kinachodaiwa kimeshalipwa. Je, mama wa Kitete ambaye nyumba ya ndoa iliwekwa rehani bila yeye kuulizwa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake? Samansi imeandikwa jina la mume. Mama apite wapi? Wabunge, kazi hiyo ni yenu.

Nawe mdaiwa, amka! Unalia kuwa mkopo ni “kausha damu, kausha damu” kilabuni, huku siku ulizopewa kwenye samansi zinayoyoma. Hati yako ya kiapo ya kuombea ruhusa isiwe kilio. Taja tarehe, magunia, bei, aliyepokea, aliyekuwepo akiona. Mwenye kiapo kitupu asimlaumu hakimu.

Kalenda ile ing'oe ukutani leo, uikunje vizuri, na kesho upande gari la alfajiri uende mahakamani Karatu.