Baba Aliyekuwa Baharini: Je, Aliipenda Nyumba Yake?

Somo: 1 Samweli 2:12–26, Kumbukumbu la Torati 24:5



Kuna sentensi moja ambayo haikosi kwenye wasifu wa marehemu hapa kwetu: "Alikuwa baba aliyeipenda sana familia yake." Tunaisoma kwa aliyekuwa mlevi, tunaisoma kwa mcha Mungu, na wote tunawaitikia Amen. Wiki hii nataka tuipime sentensi hiyo, kwa sababu tumemzika mzee wetu ambaye kwake haikuwa rahisi kuisema.

Mzee huyu alikuwa mstaafu wa Jeshi la Wanamaji la Kenya. Familia imeniruhusu niandike habari zake bila kutaja jina. Nyumba yake ilikuwa huku Eldoret. Kazi yake ilikuwa kambi ya Mtongwe, Mombasa, karibu kilomita 800 kutoka hapa, na mara nyingine hata Mtongwe hayupo, yuko ndani ya meli. Tulipokuwa tukitayarisha wasifu, binti yake mkubwa aliweka kalamu chini akasema, "Pasta, hapa imeandikwa baba alikuwa karibu na watoto wake. Hakuwa. Mimi nilimwona Disemba kwa Disemba. Sasa nisimame mbele ya watu niseme uongo?"

Hilo ni swali la haki, na si la nyumba moja. Makurutu wa KDF, wawe wa nchi kavu, wa angani au wa majini, hufunzwa hapa hapa Eldoret, Moi Barracks. Kijana anafunzwa uaskari mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, halafu anatumwa kuilinda bahari yenyewe. Na si askari peke yao. Kati yetu kuna madereva wa malori wanaolala Malaba wakingoja kuvuka. Kuna akina mama walio Saudi Arabia na Qatar, wanalea watoto wa wenyewe huku wao wakilelewa na nyanya. Kuna wanariadha wa kambini. Hata Eliud Kipchoge, kwa miaka mingi ameishi kambini Kaptagat siku za wiki na kurudi kwake Eldoret wikendi. Je, hawa wote hawapendi nyumba zao?

Hebu tusome Biblia. Katika 1 Samweli sura ya 2 kuna wazazi wawili, na Mungu amewaweka kwenye ukurasa mmoja makusudi. Wa kwanza ni Eli. Yeye na wanawe walikuwa Shilo, madhabahu moja, kazi moja. Hakuna siku alisafiri akawaacha. Lakini uovu wao aliusikia kutoka kwa watu. Wageni waliokuja kutoa sadaka ndio walijua wanawe wanafanya nini. Alipojua aliwakemea, ndiyo, lakini hakuwazuia.

Wa pili ni Hana. Yeye alikuwa Rama na mtoto wake Samweli alikuwa Shilo. Alimwona mara moja kwa mwaka. Lakini mstari wa 19 unatuambia kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Wapendwa, mtoto anakua! Kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Ili ashone ya kumfaa, ilibidi Hana awaze mwaka mzima: sasa amefika wapi? Mabega yamepanuka kiasi gani? Kwa hiyo mama wa mbali alijua kipimo cha mtoto wake, na baba wa karibu aliwajua wanawe kwa kuambiwa.

Nilimuuliza yule dada kama kulikuwa na kitu ambacho baba yake alifanya akiwa mbali. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Viatu." Kila Novemba, mama alikuwa anawasimamisha watoto juu ya karatasi ya daftari, anachora mguu wa kila mmoja kwa penseli, anaandika jina, anatuma karatasi hizo Mombasa kwa posta. Disemba baba anakuja na viatu vya shule, na vinatosha. Baba ndiye aliyeziitisha karatasi hizo. Mwaka mmoja barua ilichelewa, akaandika kuuliza miguu iko wapi.

Hapo ndipo mimi naiona tofauti. Nilisomea biashara, na kitu cha kwanza tulichofunzwa ni kwamba pesa zilizoingia si faida. Unaweza kuuza sana na bado biashara inakufa. Vivyo hivyo, mzazi anaweza kutuma M-Pesa kila mwisho wa mwezi, karo ikalipwa, unga ukawepo, na bado hajui mtoto wake anaogopa nini. Pesa ni lazima. 1 Timotheo 5:8 haina mchezo juu ya hilo. Lakini pesa unaweza kutuma bila kumwaza mtu. Kipimo cha mguu huwezi kukijua bila kumwaza mwenye mguu.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kutokuwepo si kitu. Kuna gharama, na Mungu mwenyewe anaijua. Ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati 24:5 aliagiza kwamba mtu aliyeoa karibuni asipelekwe vitani mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Vita vilikuwepo na adui alikuwepo, lakini Mungu alisema nyumba hii kwanza. Mzee wetu hakuwepo mtoto wake wa tatu alipozaliwa. Hakuwepo mama yake mzazi alipozikwa. Viatu havilipi hayo.

Na tukumbuke pia kutokuwepo huko kulimfaa nani. Jeshi la Wanamaji liliundwa tarehe 12 Disemba 1964, na tangu hapo kuna mtu ambaye hayuko kwake ili wengine tuwe kwetu. Septemba 2019, mama mmoja na binti yake walizama na gari lao pale kivuko cha Likoni. Wapiga mbizi wa jeshi hilo walikuwa kati ya waliotafuta mpaka gari likatolewa tarehe 11 Oktoba, siku 12 baadaye. Wanaume hao walikuwa wakiirudishia familia nyingine watu wake, huku watu wao wenyewe wakiwangoja nyumbani.

Siku ya mazishi binti alisoma hivi: "Baba hakuwa karibu nasi, na hilo lilituuma. Lakini hakuna mwaka alikosa kujua miguu yetu imefika wapi." Hakuna aliyeguna. Hiyo, wapendwa, ni heshima kubwa kuliko sifa ya bure. Marehemu hahitaji tumwongezee chumvi. Anayeambiwa ukweli wote na bado akapendwa, huyo amependwa kweli.

Sasa niwageukie walio hai. Wewe baba unayelala Pioneer kila siku lakini unaingia saa tano usiku, simu mkononi: mwalimu wa darasa wa mtoto wako anaitwa nani? Rafiki yake mkubwa ni nani? Ukilazimika kumuuliza mke wako, basi kaa chini usome tena habari za Eli. Na wewe mama ulioko mbali, unayesomewa digesti hii kwa simu na dada yako: usijihukumu kwa kilomita. Uliza vipimo. Uliza kuhusu jino lililotoka, jamaa anayemsumbua shuleni, somo linalomshinda.

Wiki hii, kila mzazi amtafute mtoto wake mmoja, amuulize swali moja ambalo jibu lake halijui. Halafu anyamaze, asikilize.

Bwana awabariki, na awalinde walio safarini na majini. Amen.