Zaka ya Mji kwa Watu wa Mji

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu wa Pemba, jueni ya kwamba karafuu si chakula, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i haina zaka ya mazao. Lakini mwenye kuiuza, fedha yake ikafika nisabu na kutimiza mwaka, na mfanya biashara aliyeinunua ili aiuze, hao imewawajibikia kutoa fungu moja katika arubaini. Basi asijifiche mtu nyuma ya mkarafuu.

Na Imamu Nawawi katika Minhaj ametilia nguvu kauli ya kuwa zaka haihamishwi nje ya mji maadamu wamo wenye kustahiki. Basi fakiri wa Wete hupewa Wete, na wa Mkoani hupewa Mkoani.

Wanavyuoni wamesema pia: kijana fakiri mwenye ufundi hununuliwa zana, seremala msumeno na randa, mvuvi wavu. Hayo humtoa katika ufakiri. Kibaba cha mchele kitakwisha kabla ya Ijumaa.

Mwenyezi Mungu amewasifu wanaoshauriana, Sura ya Ash-Shura, aya ya 38. Basi wazee wa kila msikiti na wakae kabla ya msimu, waandike wajane, mayatima mafakiri na vijana wasio na zana. Asiyeandikwa husahauliwa, na aliyesahauliwa atadai Siku ya Kiyama.

Wabillahi t-tawfiq.