Usinile

Siku hizi mjini kila mtu "anapogoa." Anafuta namba, anatoka kwenye magrupu ya WhatsApp, rafiki asiyepiga simu anakatwa. Ukiuliza, unaambiwa ati hata ubongo hufanya hivyo.

Ni kweli, hufanya. Ubongo mchanga huunda miunganisho mingi kuliko itakayohitajika, kisha seli za glia ziitwazo mikroglia, askari na wafagiaji kwa wakati mmoja, humeza ya ziada. Lakini juu ya nyuroni kuna protini inayoitwa CD47, na mikroglia ina kipokezi chake, SIRP-alfa. Viwili hivyo vikishikana, ujumbe unaopita ni mmoja: usinile. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba panya wasio na CD47 walipoteza miunganisho kupita kiasi kwenye njia inayotoka machoni. Tena protini hiyo ilikuwa nyingi zaidi pale penye shughuli nyingi.

Wapogoaji wanashangilia: si umeona? Anayejituma anabaki, aliyenyamaza analiwa. Mimi nashukia hapo.

Alama ya CD47 haisemi nani anastahili. Seli za saratani nazo huivaa, tena kwa wingi, na walinzi wa mwili huzipita vile askari wa geti humpigia saluti mwenye gari kubwa bila kumkagua. Upande wa pili, chembe nyekundu ya damu ya panya isiyo na CD47 humezwa haraka kwenye bandama, hata kama ilikuwa inabeba oksijeni yake vizuri tu.

Halafu hiki kimya tunachokiadhibu hutoka wapi? Miaka ya 1960, Hubel na Wiesel walishona kope za jicho moja la paka wachanga. Baada ya wiki kadhaa, seli nyingi za ubongo zilizopaswa kusikiliza macho yote mawili zilikuwa zinasikiliza lile lililo wazi peke yake. Jicho lililofungwa halikuwa zembe. Lilinyimwa mwanga.

Kuna rafiki yangu hajanipigia tangu Januari. Kazi yake iliisha Desemba, na najua bei ya bando. Kwa hivyo Jumapili nitapiga mimi, na asiposhika nitapanda matatu niende kwake.