Je, Malipo ya Mwalimu Yako Mbinguni?

Somo: Warumi 13:7-8, Marko 7:9-13



Ni nadra kumzika mwalimu hapa kwetu bila mtu kushika kipaza sauti na kusema, "Malipo ya mwalimu yako mbinguni." Waombolezaji huitikia amina, halafu programu inaendelea. Wiki hii, tunapowakumbuka mama zetu walimu waliostaafu, hebu tuupime msemo huo kwa Neno. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni nani aliye na haki ya kuusema?

Kwanza tumtazame mama mwenyewe. Karibu kila ushirika katika kaunti hii una mmoja. Alianza kazi miaka ya 1960 au 1970, wakati wasichana waliomaliza shule walikuwa wa kuhesabika. Pengine alikuja Mpeketoni na familia yake chini ya mpango wa makazi wa Lake Kenyatta. Pengine alitumwa Faza, Siyu au Kizingitini, ambako kupewa uhamisho kulimaanisha kupakia godoro, sufuria na watoto kwenye mashua na kuomba bahari itulie. Mchana alifundisha watoto wa wenzake. Jioni alilima, akapika, akasahihisha madaftari kwa mwanga wa koroboi, na nyumbani kwake walilala watoto wa ndugu waliokuja kusomea kwake. Leo wajukuu wanamwita nyanya, nusu ya kijiji inamwita mwalimu, na familia haiuzi hata kipande cha shamba kabla yeye hajasema neno.

Mimi nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba mali na madeni lazima yaandikwe. Ukiandika mali ya mama huyu utapata nyumba, mbuzi wachache na mikorosho. Faida kubwa ya kazi yake iko kwa watu wengine: nesi anayesoma maandishi ya dawa bila kukosea, mwenye mashua anayejaza fomu zake mwenyewe, mshirika anayefungua Biblia na kusoma. Kwa sababu faida hiyo imesambaa kwa wengi, ni rahisi kutoiona. Tunaiona mwalimu akikosekana. Wenzetu wa wadi ya Basuba wanalijua hilo vizuri. Kuanzia 2014, kwa ajili ya mashambulizi, shule za vijiji vya Waboni kama Mangai, Milimani na Kiangwe zilifungwa kwa miaka. Walimu waliondoka kwa hofu, na watoto wengi wakakaa nyumbani.

Kwa hivyo mwalimu anatudai. Swali ni deni la namna gani. Paulo, katika Warumi 13, anatofautisha. Yapo madeni ya kulipwa yakaisha: kodi kwa mwenye kodi, heshima kwa mwenye heshima. Halafu lipo deni moja lisiloisha, deni la kupendana. Mwalimu anatudai yote mawili. Anadai haki yake, ambayo ina kiasi na tarehe. Tena anadai upendo, ambao hauna risiti. Makosa yanaanza tunapoyachanganya, tukalichukua deni lenye tarehe na kulituma mbinguni.

Mfano uko wazi katika nchi yetu. Mwaka 1997, baada ya mgomo, chama cha walimu cha KNUT kilikubaliana na serikali kwamba mishahara iongezwe kwa kati ya asilimia 150 na 200, kwa awamu, katika miaka mitano. Awamu zilizofuata zikakwama. Walimu waliostaafu katika kipindi hicho walihesabiwa pesa za uzeeni kwa mshahara wa zamani. Wakaenda kortini, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru ikaamua kwamba wana haki ya kulipwa. Hao ni walimu zaidi ya 50,000. Miaka ikapita tangu uamuzi huo, na wengi wakafa wakisubiri. Faili zikabaki mikononi mwa wajane, wagane na watoto.

Sasa hebu fikiria mazishi ya mmoja wao. Mkubwa fulani anasimama mbele ya jeneza na kusema malipo ya mama huyu yako mbinguni. Maneno ni yale yale, lakini hayafariji tena. Mdaiwa amejisamehe deni lake mwenyewe, na amelitumia jina la Mungu kufanya hivyo.

Bwana Yesu alikutana na jambo hili hili. Katika Marko 7 anawakemea watu waliokuwa wakimwambia baba au mama kwamba kile walichopaswa kumsaidia nacho kimewekwa wakfu kwa Mungu. Waliita Korbani. Ilisikika kama ibada. Yesu akasema kwa njia hiyo wanalitangua Neno la Mungu. Na Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio hicho kinamfikia Bwana wa majeshi. Mbinguni, basi, hawatunzi tu taji la mwalimu. Wanasikia pia ni nani hajalipa.

Mtu ataniuliza, "Pastor, kwani si kweli kwamba Mungu atamlipa?" Ni kweli kabisa. Waebrania 6:10 inatuhakikishia kwamba Mungu si dhalimu hata aisahau kazi ya watakatifu wake. Mama mwenyewe akisema, "Malipo yangu yako mbinguni," amesema kwa imani, na amina yake ni halali. Ni yeye anayedai, na anaweza kuachilia. Lakini mimi ninayedaiwa sina ruhusa ya kuyasema hayo kwa niaba yake. Kazi yangu ni kulipa.

Wengine watasema serikali ndiyo inayodaiwa, sisi raia wa kawaida tufanye nini? Hata sisi tunadaiwa. Mara ngapi familia imechanga kwa siku tano pesa za mahema, fulana zenye picha ya nyanya na magari ya kusafirisha watu, ilhali nyanya huyo huyo alikosa nauli ya boti kwenda kliniki mwaka mzima? 1 Timotheo 5:4 inawaagiza watoto na wajukuu wawalipe wazazi wao, na aya hiyo inazungumzia mzazi aliye hai. Sisemi tuzike watu wetu bila heshima. Ninasema kamati ya mazishi isiwe kamati ya kwanza kukaa kwa ajili yake.

Na makanisa pia. Yapo makanisa yenye chekechea, na wanaofundisha humo wengi ni akina mama. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Mwalimu wa chekechea akimaliza mwezi, alipwe mwezi. Spika mpya zinaweza kungoja. Asiambiwe ati anamtumikia Bwana, kana kwamba Bwana ndiye aliyekataa kumlipa.

Deni lenye tarehe likishalipwa, ndipo linabaki lile la upendo. Hili hatuwezi kulimaliza kwake, hata tungemjengea nyumba ya ghorofa. Timotheo alipokea imani kutoka kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, na hatusomi kwamba aliwarudishia imani hiyo. Aliwafundisha wengine. Kama kuna mama aliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza, kaa na mtoto wa jirani asiyejua kusoma, umshike wake.

Kwa hivyo wiki hii, mshirika, tafuta mwalimu mmoja mama aliyestaafu. Usimngojee kwenye tanzia. Mwulize karatasi zake za uzeeni zimefika wapi, na kama kuna fomu ya kujaza au ofisi ya kufuatilia, nenda naye. Mwulize pia mara ya mwisho alienda kliniki lini. Kisha kaa, unywe chai, umsikilize, maana bado anafundisha.