Hisani Haifuti Deni la Haki

Wajibu wa kampuni kwa jamii ni dhana inayotajwa sana Afrika Mashariki, na mara nyingi inapotajwa huambatana na picha ya hundi kubwa ya karatasi, madawati yaliyopangwa mbele ya darasa, kisima kinachozinduliwa au miche inayopandwa na wafanyakazi waliovaa fulana zenye nembo ya mwajiri wao. Misaada hiyo ina manufaa yake, na mtoto aliyekuwa akiandikia sakafuni hana sababu ya kulidharau dawati. Hata hivyo, mazoea ya kuutazama wajibu huo kwa jicho la misaada pekee yamelifunika swali linalopaswa kutangulia, nalo ni jinsi fedha zinazotolewa zilivyochumwa, nani aliumia zilipokuwa zikichumwa, na nani alibebeshwa gharama ambazo hazikuandikwa katika vitabu vya hesabu vya kampuni.

Wanazuoni walioijenga dhana hii hawakuianzia kwenye misaada. Howard Bowen, mchumi wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1953 huhesabiwa kuwa msingi wa fani hii, aliuona wajibu wa mfanyabiashara katika maamuzi yake ya kila siku, ambayo yanapaswa kwenda sambamba na malengo na maadili ya jamii. Mwaka 1991 Archie Carroll aliupanga wajibu huo kwa umbo la piramidi yenye ngazi nne: chini kabisa aliweka wajibu wa kiuchumi, yaani kuzalisha kwa faida, juu yake wajibu wa kisheria, kisha wajibu wa kimaadili, yaani kutenda haki na kuepuka madhara hata pale sheria inaponyamaza, na kileleni akaiweka hisani. Kwa mpangilio huo, hisani ndiyo sehemu ndogo kuliko zote, na hubebwa na ngazi zilizo chini yake.

Hata mchumi Milton Friedman, aliyeandika mwaka 1970 katika jarida la New York Times kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida, aliweka sharti kwamba faida hiyo itafutwe kwa kufuata kanuni, katika ushindani wa wazi, pasipo hadaa wala ulaghai. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayewaumiza majirani zake na kuwaficha ukweli hapati kimbilio hata kwa mwanauchumi aliyeitetea faida kuliko wengi.

Mfano wa kuelimisha uko Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 mjini Mombasa, ambako kuanzia mwaka 2007 kilifanya kazi kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi ya kuuza nje ya nchi. Kwa maelezo ya juu juu, biashara hiyo ingeweza kusifiwa kuwa rafiki wa mazingira, kwa sababu taka ziligeuzwa mali na vijana wakapata ajira. Lakini katika kazi hiyo betri hupasuliwa, asidi humwagwa, na sahani za risasi hutiwa katika tanuri linalotoa moshi na vumbi laini. Kukosekana kwa udhibiti madhubuti humaanisha kwamba vumbi hilo hutua juu ya mabati, katika maji na katika mchanga wanaochezea watoto, huku mfanyakazi akilirudisha nyumbani katika nguo zake. Risasi ikishaingia mwilini hujificha katika mifupa kana kwamba ni kalisi, hudhuru ubongo wa mtoto na hupita hata katika maziwa ya mama, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido, aliyeajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, aliufahamu ukweli huo kwa uchungu wa mzazi, kwani mwanawe mchanga aliugua na vipimo vikaonyesha kuwa ana sumu ya risasi. Aliacha kazi, akawaunganisha wakazi kudai haki, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi uliotenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2023 na kurejeshwa na Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2024. Lawama haikuiangukia kampuni peke yake, kwa maana taasisi za serikali, ikiwemo mamlaka ya mazingira, NEMA, nazo zilionekana kuwajibika kwa kutotimiza wajibu wao wa kusimamia.

Wachumi huyaita madhara ya aina hii gharama za nje, yaani gharama zinazozalishwa na biashara lakini zikalipwa na mtu asiyehusika nayo. Mama wa Owino Uhuru aliyempeleka mtoto zahanati alikuwa akilipa sehemu ya gharama za kuyeyusha risasi, ingawa jina lake halikuwemo katika orodha ya wanahisa. Faida inayopatikana kwa njia hiyo ni mali iliyohamishwa kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nguvu, na wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali ya dhuluma haidumu.

Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu, zilizopitishwa mwaka 2011, zinaitaka serikali ilinde, kampuni iheshimu, na aliyedhulumiwa apate nafuu. Nazo zinafafanua kwamba wema unaofanywa na kampuni upande mmoja haufidii haki inayovunjwa upande mwingine. Tanzania nayo, kwa marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, inamtaka mmiliki wa leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri ya eneo husika. Hiyo ni hatua njema, kwa kuwa inaiondoa huduma kwa wananchi katika hiari ya mwekezaji, lakini madarasa yanayojengwa kwa mpango huo hayawezi kuhesabiwa kuwa mbadala wa maji safi katika kijiji cha jirani na mgodi.

Kwa hiyo taarifa ya mwaka ya kampuni inastahili kusomwa kwa mpangilio mpya. Mwandishi wa habari, diwani na mwanahisa waulize kwanza kinachotoka katika bomba la moshi na mfereji wa majitaka, mshahara wa kibarua wa kutwa, vifaa vya kinga alivyopewa, na kodi iliyolipwa. Majibu hayo yakisharidhisha, ndipo lifunguliwe ukurasa wa misaada, na mtoaji apewe shukrani anayostahili.